Siku Niliyopigwa na Nyar Alego

Nikiwaambia kwamba niliwahi kupigwa na mama wa msichana ninayetaka kumwoa, tena mbele ya watu, tumekaa benchi moja na suruali yangu imelowa upande wa kukalia, msicheke kwanza. Ngojeni nimalize, ndipo mcheke yote kwa pamoja.

Asubuhi hiyo niliondoka kwangu Otonglo, pembezoni mwa Kisumu, bila mpango wowote. Huwa inanipata hivyo, naamka, naangalia ukuta, na nyayo zinaanza kuniwasha (niliacha shule darasa la saba kwa ugonjwa huohuo, mwalimu alikuwa anatuchorea mto ubaoni, nikatoka kwenda kuangalia kama upo kweli. Upo). Kando ya barabara lilisimama lori la kuchukua samaki, limepakia barafu, dereva akasema anaelekea Luanda Kotieno, nikapanda nyuma nikakalia magunia ya barafu kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kukalia.

Luanda Kotieno nilikuwa nimeisikia kwa Awuor tu. Awuor ndiye msichana mwenyewe, anasuka nywele Kisumu mjini, na anajua kunicheka bila kuniumiza. Alikuwa ameniambia mama yake ni mjane, anauza omena, yaani dagaa, huko ufuoni, ni mkali, na nisithubutu kwenda kabla yeye hajamwandaa. Nami sikuwa ninaenda kwa mama. Nilikuwa ninaenda kuona ziwa la upande wao. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Kwa wale ambao si wa kwetu, niwaeleze kidogo. Kwetu Wajaluo, mama wa msichana unayetaka kumwoa ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Humtanii, hukai naye kiti kimoja, huli akikutazama. Unakuja siku yako na wazee wako, unaketi upande wako, unaangalia chini, na wengine ndio wanaokusemea. Ukiharibu siku ya kwanza, basi umeharibu.

Nilishuka pale nikiwa nimelowa kuanzia kiunoni hadi magotini, kwa nyuma tu. Feri ya kuvuka ziwa kwenda Mbita ilikuwa imeshaondoka, iliyobaki ni ya jioni. Ningesimama juani nikauke kama omena, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini kutoka kibanda cha mabati nikasikia ile sauti ninayoijua hata usingizini, mtu anapigwa ngumi kwenye televisheni. Nikaingia.

Ndani kulijaa vijana, na mbele yao, kwenye benchi fupi, alikaa mama mmoja amejifunga leso, magamba ya omena bado yamemganda mikononi, ameshika pedi ya gemu. Sheria ya kibanda ni ileile ya kila mahali, aliyeshindwa anainuka. Yeye hakuwa ameinuka tangu asubuhi. Walikuwa wakimwita Nyar Alego, yaani mwanamke aliyetoka Alego akaolewa hapo, na ufuo mzima umejaa kina Nyar wa huku na Nyar wa kule, kwa hiyo jina kama hilo halikuambii amezaa nani.

Nikaketi kando yake, bega kwa bega, kwa sababu benchi lenyewe halikuwa na nafasi ya adabu.

"Mama," nikamwambia (Mungu anisamehe), "shika hiyo pedi vizuri. Leo utaenda kupika mapema."

"Chagua mtu wako, kijana. Mdomo haina kifungo ya kupiga."

Mchezo wangu mimi ni mmoja, nafinya vifungo vyote kwa pamoja na kuomba. Nikaruka, akanidungua hewani. Nikaruka tena, akanidungua tena. Halafu akanisukuma hadi pembeni mwa skrini na kuanza kunimiminia mateke bila kupumua, juu, chini, juu, nami nikizidi kurusha ngumi ndivyo nilivyozidi kupigwa, na kabla sijaelewa mtu wangu alikuwa amelala chali. Nikainuka kama sheria inavyosema, na hapo ndipo walipoiona suruali.

"Yawa! Omera, amepigwa mpaka amejikojolea!" akapaza sauti kijana mmoja.

Kibanda kizima kikaanguka kwa kicheko. Nyar Alego hakucheka.

"Mwacheni. Hiyo ni maji ya barafu, amebebwa na lori ya samaki." Kisha akapiga benchi kwa kiganja. "Kaa tena. Mtu hawezi kuenda hivi."

Akanifundisha. Sijawahi kufundishwa hivyo hata shuleni. Aliniambia shida yangu ni kwamba nikipigwa nataka kulipiza papo hapo. "Ukipigwa usijibu. Kinga chini kwanza, kwa sababu hiyo mateke ya chini ndio haionekani ikikuja. Usiruke, ukiruka huwezi kinga. Ngoja arushe ile kubwa. Akikosa, mguu lazima irudi chini, na kabla irudi, hapo ndio unaingia."

"Na akiona nakinga tu?"

"Atakuja karibu akukamate akubwage. Hapo finya hizi mbili pamoja, unajitoa. Lakini usiogope. Watu wanashindwa kwa kuogopa, si kwa kupigwa."

Tulicheza mara nyingi. Alinishambulia vilevile bila huruma, lakini nikaanza kuyaona mateke yake kabla hayajafika, na raundi moja nikamaliza damu ya mtu wake hadi nusu, vijana wakasogea karibu. Akanikatia nusu ya mandazi yake nikala palepale, mdomo wazi. Aliniambia televisheni ile aliinunua marehemu mume wake kwa ajili ya mpira, na alipokufa nyumba ikawa kimya sana, vijana walipomwomba waunganishe gemu yao akakubali ili asikie watu wakipiga kelele. Kujifunza kulikuja baadaye, siku zisizo na wateja.

Labda ni kwa sababu ya maneno hayo nami nikafungua moyo.

"Kuna msichana nataka kumwoa," nikasema, macho kwenye skrini. "Lakini mama yake namwogopa."

"Kwa nini?"

"Nasikia ni mkali. Anaweza kukuangalia tu mpaka ukasahau jina lako."

Vijana wakacheka. Yeye akanipiga teke, nikakinga.

"Mama kama huyo usimkimbie na usimrukie," akasema. "Mwache amalize. Kisha jibu ukweli."

Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye televisheni, na wakati huo ikaanza kuita, picha ikajaa kioo, kitambaa cha manjano, meno yaleyale, shavu lilelile. Sikufikiri, wandugu. Niliruka juu na kupiga kelele:

"Huyo ni Awuor! Huyo ndiye nataka kuoa!"

Nyar Alego akaitazama simu. Akanitazama mimi.

"Huyo nimezaa mimi," akasema.

Nilirudi nyuma nikiwa bado nimeshika pedi, na pedi ina waya, na waya ukavuta mashine, mashine ikavuta televisheni ya marehemu, ikaanza kuinama mezani kama mtu anayeanguka kwa usingizi. Tukaidaka wote wawili. Ndivyo nilivyojikuta nimeikumbatia televisheni pamoja na mama mkwe, shavu langu liko karibu na lake, makombo ya mandazi yake bado midomoni mwangu, na kijana mmoja nyuma akisema polepole, "Huyu ng'ombe zake za mahari hazitaingia hii boma."

Tulipoisimamisha, akawatoa wote nje. Akakaa. Mimi nikasimama mlangoni, mbali, nikiangalia chini (nilikuwa nimechelewa, lakini niliangalia). Maswali yakaanza, moja juu ya jingine.

"Unafanya kazi gani?"

"Chochote ninachopata. Nasukuma mkokoteni, natengeneza simu."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba. Sikumaliza."

"Unakaa wapi?"

"Otonglo. Lakini huwa natoka."

"Unatoka unaenda wapi?"

Ulimi uliniwasha niseme la kuchekesha. Ndivyo ninavyojiokoa siku zote. Sikusema.

"Sijui, mama. Natoka tu. Kwa Awuor huwa narudi."

Nje feri ilipiga honi.

"Panda hiyo," akasema. "Hapa hulali."

Sikumbuki nilivyofika kwenye feri. Nilisimama nyuma kabisa nikiangalia paa la kibanda likiwa dogo, na nilimlilia Awuor ambaye hata hakujua kwamba nimempoteza. Niliapa hapohapo, na kiapo hicho nakishika mpaka leo, kwamba sitakalia benchi lolote ufuoni kabla ya kuuliza mwenyewe amezaa nani.

Mbita sikuwa ninamjua mtu. Nilishuka nikaanza kutafuta mahali pa kulala, na kabla sijatoka gatini mama mmoja mnene akanizunguka, akaitazama suruali yangu kwa nyuma bila aibu.

"Ndiwe wa barafu?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi mdogo wake Nyar Alego. Amenipigia. Nina vyumba vya wageni hapo juu, twende."

Nikamfuata nikiwa sielewi. Njiani akaanza kucheka peke yake.

"Nimemwuliza, sasa mtoto wa watu unamvusha maji kwa nini, na kwako kuna kitanda? Unajua amenijibu nini? Ati, tangu lini mkwe akalala kwa mama mkwe?"

Nilisimama barabarani. Nilimwomba alirudie neno hilo, akalirudia, akaniambia nitembee, sufuria iko motoni.

Chumba kilikuwa kidogo na safi, dirisha limetazama maji. Aliniletea samaki na ugali, nikanyoosha mkono kumkaribisha tule pamoja. Akaiweka sahani sakafuni penye kizingiti, akageuza uso kando na kuondoka haraka, leso imemfunika nusu ya kicheko, kwa sababu sasa hata yeye ni mama mkwe wangu.