Wageni wa Bibi Zaituni wa Ujiji, na swali moja la mtandaoni lililonirudisha nyumbani kwake

Wakuu, heshima kwenu nyote, wakubwa shikamooni.

Kabla sijaanza, mimi si mtu wa majini. Ni daktari, naamini vipimo, na nyumbani kwangu hakuna hata ubani. Haya ninayoandika nimeyaona mwenyewe, nimebadilisha majina tu. Atakayesema ni chai, yaani uongo, avumilie kidogo, maana chai yenyewe imo humu ndani.

Miaka hiyo nilikuwa nafanya kazi Kigoma. Ni kile kipindi boti zilikuwa zinashusha watu Kibirizi karibu kila wiki, Wakongo waliokimbia vita ng'ambo ya ziwa, na Warundi nao wakiingia kwa nchi kavu.

Mjini watu wengi hawakusema "wakimbizi". Walisema "wageni". Ukisikia "leo wageni wengi", ujue boti imefika. Lishikeni hilo neno.

Sasa kwa wasiojua: daktari lazima aonyeshe kwamba bado anasoma, la sivyo leseni inaleta shida kuhuisha. Wenzangu walisubiri semina, wakale kuku wa hotelini na kusinzia. Mimi nilipata njia yangu, mfumo mmoja wa mtandaoni.

Una mgonjwa anakuumiza kichwa, unaandika swali lako, unasoma makala za kitabibu, halafu unajibu maswali machache kuhusu ulichosoma. Points zinaingia.

Shida ilikuwa network. Kwangu Buzebazeba ilishika sehemu moja tu, juu ya karo la kufulia. Kila nikitoka kazini nasimama pale na simu nimeinua, majirani wakaamini kabisa nina mchepuko.

Siku moja akaja jamaa wa Ujiji, tumwite Hamisi, muuza dagaa wa Kibirizi. Amemshika mkono mama yake, Bibi Zaituni, mwanamke mzee wa familia za zamani zilizotoka Kongo. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, meupe kama maziwa. Nyuma yao mke wa Hamisi, Furaha, aliyevuka ziwa miaka ya nyuma akaolewa hapa.

Hamisi akaniambia mama yake anaona watu.

Nikamuuliza bibi mwenyewe. Alinijibu kwa utulivu ulionitia baridi. Alisema wageni wake huja asubuhi, wanajipanga ukutani. Wengine wafupi, hawazidi mtungi wa maji. Wamevaa kofia zenye maua, nguo zimepigwa pasi. Wanamtazama. Hawaombi kitu.

"Wananitazama tu, mwanangu. Mimi nami nawatazama."

Nikampima akili kwa maswali yetu yale. Tarehe anajua, wajukuu anawataja kwa mfuatano, na alinikosoa nilipokosea bei ya samaki, mgebuka. Akili yake ilikuwa inanizidi.

Hamisi akanivuta kando. Akasema nyumba haina amani tangu mama aanze haya. Na kuna jambo limemtisha zaidi. Mama yake ni mtu wa zamani, hakubali mgeni akae bila kupewa kitu, kwa hiyo kila asubuhi anaagiza wale wageni wamiminiwe chai. Vikombe vinapangwa ukutani, chai inapoa, inamwagwa. Isipokuwa kikombe cha pembeni. Hicho kila siku kinakutwa kitupu.

Watoto wako shule, akasema. Anayeshinda na mama ni Furaha peke yake, na Furaha anaapa hajagusa.

Hamisi alikuwa ameshahitimisha. Majini yamekuja na mke kutoka ng'ambo. Mwisho wa mwezi anampandisha boti arudi alikotoka, watoto wabaki.

Kule alikotoka Furaha, wakuu, vijiji vilikuwa vinachomwa. Nilimtazama Furaha amesimama mlangoni, kitenge amekikunja kunja mikononi. Nilimuonea huruma kweli.

Jioni nikapanda karo langu. Nikaandika: mzee asiyeona, akili timamu, anaona watu wadogo waliovaa vizuri.

Jibu likaja kama limeandikwa Ujiji. Upo ugonjwa kama huo kabisa, una jina refu la kizungu, hata kofia zimetajwa. Macho yakiacha kupeleka picha, ubongo unajitengenezea zake. Mgonjwa si kichaa wala hana pepo. Nilicheka peke yangu pale juu, jirani akachungulia.

Nikashuka kwenye maswali nichukue points zangu. La kwanza jepesi, la pili jepesi. La mwisho likauliza hivi: ni kitu gani kwa mgonjwa wako hakifanani na ulichosoma?

Hapo mtu huandika "hakuna", anaenda kula. Kidole kilishafika. Nikakumbuka kile kikombe.

Picha za kwenye ubongo hazinywi chai, wakuu.

Nikarudi kwenye makala nikasoma tena taratibu. Kulikuwa na sentensi niliyoiruka: watu hao huwa kimya, hawatoi sauti yoyote. Sikuwa nimemuuliza bibi kuhusu sauti.

Kesho yake ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nikaenda Ujiji asubuhi. Hamisi yuko Kibirizi, watoto shule. Furaha alinifungulia mlango akabaki amesimama katikati, kama hataki nipite. Bibi akasikia sauti yangu akaniita ndani.

Chumba kilikuwa na giza la dirisha dogo, joto, harufu ya dagaa wakavu. Bibi amekaa mkekani. Mbele ya ukuta mtupu vikombe vimepangwa, vinatoa mvuke. Cha mwisho kiko kwenye kona, karibu na pazia la kwenda uani.

Shikamoo, marahaba. Nikamuuliza kama wageni wapo.

"Wapo. Umempita mmoja hapo mlangoni, hukumsalimia."

Nikamuuliza kama huwa wanaongea.

"Hawa bubu wote," akasema. "Ila yule wa kwenye pazia anakohoa."

Nikamuuliza anakohoa vipi. Akaniambia kikohozi cha mtu mzima, kinaanzia mbali, na akimaliza anahema kama aliyepanda mlima. Wenzake, bibi akifumba macho, wanapotea. Huyo hapotei, bado anamsikia. Huyo ananuka moshi.

Nje kuku wanaparua.

Na nyuma ya pazia mtu akakohoa.

Nywele zilinisimama, nisiwadanganye. Masomo yote yalinitoka. Nilitaka kukimbia, ila mlangoni alikuwa Furaha, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Daktari, usimuambie mutu," akasema. "Ule ni mudogo wangu. Alivuka kwa mutumbwi wa wavuvi, hakuandikishwa. Bakimuona batamurudisha."

Nikafungua pazia. Kijana mrefu, amechuchumaa, mifupa mitupu, kitambaa mdomoni kina damu. Akanisalimia kwa adabu zote, "Shikamoo, muzee", na mimi wala si mzee.

Ikajulikana hivi. Hamisi alishasema zamani kwamba hataki mgeni asiye na karatasi nyumbani kwake, asije kuitwa na serikali. Kwa hiyo kijana analala kwenye pagala la nyuma, Hamisi akienda sokoni anaingia kula na kukaa kwenye kivuli. Anakaa kimya mbele ya bibi akidhani bibi haoni. Na bibi anamuona kidogo, kivuli tu, anamhesabu na wale wengine. Bibi akasema wageni wapewe chai, Furaha akamimina, na kile cha kona kijana akanywa.

Hamisi akisema "mama anaona wageni", Furaha roho ilikuwa inaruka. Alidhani mdogo wake ameshajulikana. Ndiyo maana hakuweza kujitetea.

Nilimwambia kijana ukweli: hicho ni kifua kikuu, ukiendelea kujificha utakufa humu, na hawa utawaachia ugonjwa. Furaha alikaa chini. Kumtoa hadharani ni kumkabidhi mume sababu ya kumfukuza, kumficha ni kumzika. Kisha akainuka, akasema twende, yeye atapanda boti kama ni kupanda.

Hamisi tulimkuta Kibirizi, nikamweleza yote mbele ya magunia yake. Alikasirika sana, akanigeuzia mgongo. Kisha akauliza kitu kimoja, kama huyo kijana ndiye aliyekuwa anakunywa ile chai. Nikasema ndiye.

Akakaa juu ya gunia akacheka mpaka akalia. Kumbe naye alikuwa halali kwa hofu. Yeye ndiye aliyekwenda kutafuta bodaboda ya kumpeleka shemeji yake hospitali.

Kijana akapimwa, akaanza dawa, akaandikishwa kama wenzake. Nyumba nzima tuliipima. Furaha hakupanda boti.

Usiku wa siku ile niliyofungua pazia, kwenye karo, nilijibu swali la mwisho kwa urefu. Points zikaingia zile zile, hata nusu hawakuniongeza.

Nilichojifunza, hasa kwa madaktari wenzangu: tafuteni mtandaoni, msione aibu, ila jibu likifanana na mgonjwa wako kupita kiasi, rudi umuulize yeye lile lisilofanana.

Lakini kuna jambo sijawahi kulisimulia.

Miezi kadhaa baadaye, kijana amenenepa, nilienda kumshawishi bibi afanyiwe upasuaji wa macho. Akakataa. Akasema akifumbuliwa macho wageni wake wataondoka, naye atabaki na nani mchana kutwa.

Wakati naaga, akainua uso akatazama juu ya bega langu.

"Na huyu uliyekuja naye, mbona hukumpa kiti?"

Nilikwenda peke yangu, wakuu. Na ugonjwa wake naujua kuliko daktari yeyote mkoa ule, points ninazo.

Niligeuka.

Sisemi niliona nini au sikuona. Nauliza tu, nyie mngegeuka? Semeni ukweli hapo chini, na wa Ujiji mnisalimie.