Kidevu cha Gumersinda

Watu wa mtaa huu hawana haya. Wamenijia na daftari na kalamu, eti, "Bibi, tuandikie habari za Gumersinda kabla hujafa." Nani kawaambia nakufa? Shuleni nilikaa miaka miwili tu, na herufi zangu zinakwenda upande kama kaa. Lakini nikiwaachia wao watatia huruma, na habari hii haina huruma. Basi naandika mwenyewe.

Gumersinda ndiye aliyekuwa na mkasi. Hapa mjini Itauguá kila mwanamke anashona lesi ya buibui, lakini mtaani kwetu mkasi ni mmoja. Unashona maua ya mpera juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye fremu, duara kwa duara, miezi na miezi. Ikiisha inapakwa wanga wa muhogo na kuanikwa, halafu kitambaa cha chini kinakatwa kitoke, lesi ibaki peke yake. Mkasi ukiteleza upana wa unywele, miezi yako imekwenda na maji. Kwa hiyo anakata mmoja tu, na anakata amesimama, wanawake wawili wamemwinulia fremu juu ya uso wake kuelekea jua, ili aone kivuli cha uzi ndani ya kitambaa. Ndivyo walivyokata mama zetu.

Mkasi huo Gumersinda alimvua wifi yake, Petrona, miaka kumi na moja nyuma, macho ya Petrona yalipoingia ukungu. Hakumvua faraghani. Alingoja watu wajae uani, akakata utepe ulioning'iniza mkasi shingoni mwa wifi yake, akamtia mwiko mkononi. "Jicho likizimika, mkono ukoroge wanga," akasema. Tulicheka tukashika mbavu. Tangu siku hiyo Petrona anakoroga wanga.

Kisha zamu ikamfika Gumersinda mwenyewe. Alipotimiza miaka sitini na minane tundu la sindano likaanza kumkimbia. Kwanza akasingizia vidole vina mafuta. Halafu akasingizia uzi wa siku hizi. Mwishowe akaenda mji mkuu kwa mpima macho, akarudi na miwani ambayo kila jicho lina vioo viwili, juu cha mbali, chini cha karibu, mstari katikati.

Yule mpima macho alimwambia vizuri. "Mama, kitu cha karibu kitazame kwa chini. Kikiwa juu yako, inua kidevu. Geuza kichwa, usigeuze macho tu. Wiki mbili utazoea."

"Mimi sizoei vitu," Gumersinda akamjibu. "Vitu ndivyo vinanizoea mimi."

Ngazi hazikumzoea. Akitazama miguu yake kupitia kioo cha chini, sakafu inamjia puani, basi akawa ananyanyua mguu kama jogoo aliyeingia matopeni. Siku ya pili alimkanyaga mbwa. Siku ya tatu alikosa ngazi ya mwisho akaketi ndani ya karai la wanga.

Petrona hakumwinua. "Karibu, wifi. Umekuja kunisaidia?"

"Nimekuja kuonja kama umekoroga vizuri," akajibu, huku wanga unamchuruzika matakoni.

Ikafika Alhamisi ya kukata shela ya Librada, binti wa mpwa wake, aliyeishona miezi saba kwa mkono wake mwenyewe. Harusi Jumamosi. Uani tulijaa, kikombe cha tereré, chai yetu ya baridi, kinazunguka mkono kwa mkono. Kila mtu alijua shela ikiharibika mkasi umekwenda, na Gumersinda bila mkasi ni mjane mnene tu mwenye mdomo.

Wakainua fremu. Gumersinda akarudisha kichwa nyuma, akanyanyua kidevu, na kwa kioo cha chini akaona kila uzi kama kamba ya mashua. Akaanza kukata. Mkasi ukawa unaimba.

Petrona, ambaye umbo la mtu bado analiona, akapaza sauti kutoka kwenye karai: "Kokoo! Jamani, tazameni kuku anakunywa maji!"

Uani kukalipuka. Hata Librada alicheka. Mimi pia nilicheka, sifichi.

Gumersinda akashusha kidevu. Akakinyoosha sawasawa kama malkia, na fremu ikaangukia kioo cha juu, kile cha mbali, ikageuka maziwa. Akaendelea. Akaamini vidole. Kraa, kraa, kraa. Kisha ua kubwa la katikati likaanguka chini, likatua juu ya kiatu cha Librada.

Librada akalia kilio cha msibani.

Petrona akaja taratibu akipapasa hewa, akaukata ule utepe shingoni mwa Gumersinda, akamvisha Librada mkasi. Mwiko akautia mkononi mwa Gumersinda.

"Jicho likizimika, wifi. Malizia mwenyewe."

"Ulinikejeli! Ningeinua kidevu ningeona!"

"Ungeinua, basi. Nani alikushika kichwa?"

Gumersinda akaushika mwiko, akaelekea kwenye karai.

Jumamosi Librada alivaa shela ileile, hapakuwa na nyingine. Tundu lilikaa kisogoni, kubwa kama sahani. Kila aliyeuliza, bibi harusi alimwonyesha Gumersinda kwa shada la maua, kule benchi la nyuma kanisani. Na kile kioo cha juu, haki yake nikipe, kwa mbali hakina kosa. Miaka mingi alikuwa haoni altare vizuri. Siku hiyo aliona kila uzi uliokatika.

Sasa anakoroga wanga pamoja na Petrona. Kidevu anainua bila kuambiwa, na hakuna anayelia kokoo. Hakuna anayemtazama.

Haya. Wewe uliyesoma hadi hapa kwa macho yako mazima, njoo kwangu, mlango wa bluu mbele ya kinyozi, unitungie sindano ishirini, uzi mweupe. Na kicheko chako kiache barabarani.