Baba Alisema Daraja Limefungwa

Mama mwenye gesti alinitazama, akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. Halafu akasema, "Umerudi! Kwani wewe huzeeki?"

Jamani, mimi nilikuwa sijawahi kukanyaga mji ule tangu nizaliwe.

"Shikamoo mama," nikasema. "Nadhani umenifananisha."

"Marahaba. Nikufananishe na nani? Chumba chako ni kile kile cha dirisha kubwa. Ulitukimbia kimya kimya, leo umetukumbuka."

Nguo zilikuwa zimenilowa, begi la vifaa limeniumiza bega, na nje upepo ulikuwa unang'oa mabati. Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu mzima asiyeona vizuri. Nikajisemea isiwe tabu, nikapokea ufunguo.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili tuelewane.

Mimi ni fundi wa mashine za eksirei. Mashine ya hospitali ikiharibika, napigiwa simu, nabeba begi, nakwenda. Jumatano ile nilitumwa ng'ambo ya daraja, kwenye hospitali ndogo ambayo mashine yake ilikuwa inatoa picha nyeusi tupu. Nilihangaika nayo mpaka Ijumaa asubuhi ikakubali.

Jumamosi wakwe zangu walikuwa wanakuja kwetu kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yao. Mke wangu alishanionya. "Baba Watoto, siku nyingine chelewa utakavyo. Hii usinitie aibu."

Nikamwambia aondoe shaka.

Basi likafika darajani, likasimama. Askari akapanda, maji yanamchuruzika. "Daraja limefungwa. Upepo umepindua lori. Hapiti mtu mpaka utulie."

Abiria wenyeji hata hawakushtuka. Mmoja akasema huu ndio mwezi wa upepo, wakateremka kutafuta pa kulala. Mimi nilibaki kwenye kiti nimeduwaa, kwa sababu maneno yale nilikuwa nayajua tangu utoto.

Baba yangu alikuwa anauza vitambaa vya sare za shule. Alizunguka na sampuli kwenye sanduku, anachukua oda. Kila mwaka, msimu huo huo, alichelewa kurudi siku mbili. Sisi hatukuwa na simu, kwa hiyo alipiga kwa jirani. Mama anaitwa, na mimi nafuata nyuma.

"Daraja limefungwa," baba anasema. "Upepo."

Mama anatazama nje. Kwetu jua linawaka na jani halitikisiki. Jirani na mkewe wamekaa kwenye kochi wameziba midomo wasicheke.

Mwaka mmoja baba akasema, "Basi sikilizeni." Tukasikia mngurumo kwenye simu. Mama akaniwekea sikioni na mimi nisikie.

"Hiyo ni feni," akasema. "Feni ya chumbani kwa huyo mwanamke wake."

Ikawa ndiyo hadithi ya kuchekeshea wageni. Baba na upepo wake. Mimi mwenyewe nimeisimulia mara nyingi, na feni yake, na namuiga sauti.

Nikiwa darasa la saba baba alichelewa siku nne. Aliporudi alikuta nguo zake nje ya mlango. Alizibeba, akaenda kupanga chumba upande wa pili wa jiji, na mpaka leo anaishi huko peke yake.

Nilikuwa namtembelea mara moja kwa mwaka. Nasimama mlangoni, namwachia sukari na sabuni, naondoka. Kwenye harusi yangu alikaa viti vya nyuma kabisa. Mama alifariki miaka miwili iliyopita, na sikuwahi kumsikia akimtaja baba kwa wema.

Haya, turudi gestini. Nilipoingia chumbani kitu cha kwanza nikampigia mke wangu.

"Daraja limefungwa," nikasema. "Kuna upepo."

Akacheka, lakini si kicheko cha furaha.

"Upepo? Baba Watoto, si wewe uliyenisimulia hiyo hadithi? Tena tulicheka wote. Leo umekosa hata uongo wako mwenyewe, umeazima wa baba yako?"

"Haki ya Mungu mke wangu..."

"Hapa jua linawaka. Nimetoka kuanua nguo sasa hivi."

Nikafungua dirisha. Pazia likanipiga usoni, karatasi zangu za kazi zikatawanyika chumba kizima. Nikatoa mkono wenye simu nje, nikahesabu mpaka kumi.

"Umesikia?"

"Nimesikia feni," akasema, akakata.

Nilikaa kitandani. Sijawahi kujiona mpweke namna ile. Nilikuwa na ukweli mtupu mkononi na sina wa kumpa.

Mama mwenye gesti akaingia na chai, akanikuta hivyo.

"Hata zamani ulikuwa unakaa hapo hapo ukishapiga simu," akasema. "Umeinama vivyo hivyo."

Nikainua uso.

"Mama, huyo mtu wa zamani alikuwa na sanduku la vitambaa?"

"Si sanduku lako?"

"Ni la baba yangu, mama."

Akanisogelea, akanishika uso kwa mikono miwili, akanikagua kwa karibu. Kisha akaketi taratibu kwenye ukingo wa kitanda.

Nikamuuliza swali nililokuwa nalo tangu darasa la saba. Mwanamke wa baba alikuwa nani?

"Mwanamke?" akashangaa. "Mwanangu, hapa alikuwa anacheza drafti na marehemu mume wangu mpaka wanagombana. Akishindwa anaomba simu. Anavuta waya mpaka dirishani, anaitoa simu nje. Nikamwambia utaniharibia simu yangu. Akasema, nivumilie mama, nataka wanangu wasikie."

Nililia. Mtu mzima na ndevu zangu, nililia mbele ya mama wa watu mpaka chai ikapoa.

Jumamosi mchana mke wangu alituma ujumbe mmoja tu. "Wazazi wamefika. Nimewaambia uko kazini." Nilijibu kwa maneno mengi. Hakujibu.

Jumapili asubuhi upepo ulitulia na daraja likafunguliwa. Basi la kwanza liliondoka saa tatu. Nililiona. Mama mwenye gesti alikuwa anakaanga mayai, akasema kaa kwanza ule. Nikala. Akaanza kunisimulia mambo ya mumewe, nikaongeza chai. Nilikuja kupanda basi la saa nane.

Jioni niliposhuka sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa baba.

Alifungua mlango akiwa na kitambaa cha vyombo begani. Nyuma yake kitanda, jiko la mafuta, kiti kimoja, kikombe kimoja.

"Mbona leo?" akauliza. "Mwezi wako bado."

"Shikamoo baba. Nimetoka ng'ambo. Daraja lilifungwa."

Hakuitikia hata salamu. Alinipisha nikaingia, akanipa kiti, yeye akakaa kitandani.

"Mama wa gesti anakusalimu," nikasema. "Baba, nisamehe. Ulikuwa unasema kweli, na mimi nilikuwa nawachekesha watu kwa hadithi yako."

Alikunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nilikuwa nasema kweli," akasema. "Miaka tisa. Ila mwaka wa mwisho, ule wa siku nne, upepo ulitulia siku ya pili."

Sikuelewa.

"Daraja lilikuwa wazi, mwanangu. Basi lilipita mbele ya dirisha nikalitazama tu."

"Kulikuwa na mtu?"

"Hakuna mtu. Nilicheza drafti. Nilikula. Pale gesti nikisema jambo, mtu ananijibu 'sawa'. Nikajiambia, hata nikiwahi nitaitwa mwongo, basi nipumzike leo. Na kesho yake nikasema hivyo hivyo. Ndiyo maana nilipokuta nguo nje sikubishana. Mama yako alinikosea miaka yote ile, lakini siku ile kosa nilikuwa nalo."

Nilitazama kile kikombe kimoja.

"Mkeo amekuamini?" akauliza.

"Hapana."

"Daraja limefunguliwa lini?"

"Leo asubuhi."

"Ukapanda basi la saa ngapi?"

Nikatazama chini. "La saa nane."

Baba akasimama, akafungua mlango. Nilidhani amekasirika, kumbe macho yamejaa machozi.

"Nenda nyumbani. Usinywe hata maji hapa."

"Baba, nimekuja kukaa na wewe."

"Najua, na ninataka ukae, Mungu anajua. Lakini ukikaa leo utapata raha, na kesho utaitafuta tena. Mimi nimeshazoea huku. Wewe usizoee."

Akanisukuma nje kwa kiganja, taratibu, akafunga.

Nyumbani mke wangu alinifungulia bila kuniangalia. Kulikuwa na sahani za wageni, bado hazijaoshwa.

Nikamwambia yote. Kwamba daraja lilifungwa siku mbili, haki ya Mungu. Na kwamba leo lilifunguliwa asubuhi, basi nililiona, nikabaki kunywa chai kwa kupenda kwangu kwa sababu niliogopa kurudi kuitwa mwongo.

Akaanza kukusanya zile sahani.

"Hayo ya leo nimeyaamini," akasema. "Ya juzi bado nayafikiria."

Akanisogezea sahani nikaanza kuosha.

Ndugu msomaji, ikiwa kwenu kuna mtu mnayemcheka kila akifungua mdomo, acheni. Sisemi anasema kweli kila siku. Nasema mtamchosha, atapata mahali anapojibiwa "sawa", na hapo ndipo atakapoanza kuchelewa kwa makusudi. Na kama huyo mtu ni wewe, panda basi la kwanza. Baba yangu angelipanda lile la kwanza, mimi ningekulia nyumbani pamoja naye.