Kadi ya Rangi ya Tonton

Papa aliweka sharti mbele ya mama, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema nimelitunga. Mashine ikicheza siku ya Bonane, yaani Mwaka Mpya, nitakwenda Kinshasa kusomea elektroniki. Isipocheza, nitakwenda Opala kwa tonton, baba yangu mkubwa, kuuza sabuni na chumvi katika duka lake kando ya mto Lomami.

Nilikuwa nimemaliza shule ya ufundi, msichana pekee katika darasa langu. Katika kampuni nilikofanya mafunzo kulikuwa na kompyuta moja, ordinateur kama tulivyoiita, yenye skrini ya kijani. Saa ya mapumziko fundi wa pale alituachia tucheze mchezo wa magari uliokuwa katika disketi. Magari yenyewe yalikuwa mistari tu, barabara ilikuwa mistari, na mimi nilisahau kula. Nilirudi nyumbani nikamwambia papa kwamba mashine kama ile inaweza kuundwa mezani kwetu, kipande kwa kipande, mradi vipande vinaelewana. Papa alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa suti ya abakosti iliyopigwa pasi hata Jumapili. Akamwita mama, akatamka sharti lake.

Hakuna aliyeweza kununua mashine nzima. Tulifanya kama familia zote zinavyofanya: kila ndugu aliombwa kitu kimoja. Tante, shangazi yetu wa Ubelgiji, angetuma kasha lenye kisanduku cha umeme na carte-mère, ule ubao ambao kila kipande kingine huchomekwa juu yake. Mama alibadilisha vitenge vyake viwili kwa kibodi. Papa alipata skrini ya kijani iliyouzwa ofisini kwao baada ya mashine yake kufa. Ilibaki kadi ya picha, ile inayochomekwa kwenye carte-mère na kupeleka picha kwenye skrini. Hiyo iliangukia kwa tonton wa Opala, ambaye kila mara alipita Kinshasa kwa biashara yake ya kahawa.

Kadi hizo zilikuwa za aina mbili: moja kwa skrini ya rangi moja, nyingine kwa skrini ya rangi nyingi. Ubaya wake ni kwamba plagi zake zinafanana kabisa, pini tisa hapa, pini tisa pale. Ukikosea, plagi inaingia vizuri, bila kulazimishwa, halafu skrini inaungua. Fundi wa kampuni alikuwa amenionya, na nilimwomba papa amwambie tonton jambo hilo moja tu.

Tulikwenda kwenye phonie, ile redio ya sauti ambayo mji mzima uliitumia kuzungumza na Opala. Nyuma yetu watu walisimama foleni wakisikiliza kila neno, kama kawaida.

"Yaya, utume kadi ya picha," papa alimwambia kaka yake. "Vile roho yako itaona."

Nilimvuta mkono. "Papa, mwambie iwe ya skrini ya kijani."

Alifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Unataka nimwagize yaya wangu kama vile mutu wa boutique? Mutu akikupa, unapokea."

"Lakini isipoelewana na skrini…"

"Bon. Unapokea."

Mwanamke mmoja katika foleni alicheka. "Mutoto wa leo anachagua mpaka zawadi. Kesho atachagua na papa yake."

Foleni nzima ilicheka naye. Papa pia alicheka, na hilo liliniumiza kuliko kukatazwa.

Lazima niseme hapa kwamba papa hakulizua jambo hili peke yake. Nchi nzima ilifundishwa hivyo. Siku za sherehe tulipelekwa uwanjani tukiwa tumevaa vitenge vya chama, tukacheza na kuimba kumshukuru Mkuu wa nchi kwa vitu ambavyo hakuna aliyetuuliza kama tunavihitaji. Niliwahi kuichezea ngoma trekta iliyokuja na plau ya trekta ya aina nyingine. Kila mtu pale uwanjani aliona kwamba haviungani. Tulicheza hadi jasho likatutoka, na trekta ikaota majani nyuma ya jengo la utawala wa zone. Niliweza kuvumilia hayo uwanjani, lakini sikudhani yangenifuata hadi mezani kwetu.

Kasha la tante lilifika kwanza. Nyuma yake palikuwa na swichi ndogo nyekundu ambayo kiwanda cha Marekani kiliiacha kwenye umeme wa nusu ya wetu. Kama ningechomeka bila kuangalia, kila kitu kingekufa siku hiyo hiyo. Niliigeuza kwa bisibisi kabla ya kugusa waya. Kisha msafiri mmoja akaleta kadi ya tonton, imefungwa kwa gazeti. Niliisoma pande zote mbili. Ilikuwa ya rangi. Tonton alikuwa amesikia kwamba mashine nzuri ina rangi, akachagua kwa roho yake, kama alivyoombwa.

Katika mtaa wa maduka kulikuwa na mfanyabiashara, mzee Mwislamu aliyetengeneza redio na kuuza mabaki ya mashine za ofisi. Alikuwa na kadi ya skrini ya kijani.

"Niachie hiyo ya rangi, uchukue hii," alisema.

Papa alikataa. Kwetu zawadi haibadilishwi kabla mtoaji hajaiona ikiwa mahali pake, na tonton angekuja kwa Bonane kuiona. Nilirudi kwa mzee mikono mitupu. Alikuna ndevu, akanipa kadi ya kijani niitumie tu hadi sikukuu ipite.

"Ubao una nafasi nyingi," alisema. "Muweke baba yako mukubwa pembeni. Amekaa, amepewa kiti, lakini yeye hasemi."

Ndivyo nilivyofanya. Kadi mbili zilikaa sambamba, waya wa skrini ukaenda kwenye ile ya kijani. Nikawasha, nikaingiza disketi, na magari yakaanza kukimbia juu ya meza ambayo asubuhi tulikuwa tumechambulia pondu, majani ya muhogo. Mama aliacha mwiko wake jikoni akaja kusimama nyuma yangu. Nilimpa kibodi, akagonga ukingo wa barabara mara tatu, akalicheka gari lake mwenyewe.

"Iko natembea," alimwambia papa aliporudi kazini. "Nimeiendesha mimi mwenyewe. Donc, mutoto anakwenda Kinshasa."

Papa aliinama, akatazama nyuma ya kasha. Nilimwonyesha kadi ya kaka yake ikiwa imekaa mahali pake, safi. "Sawa," alisema. "Iko ndani. Ataiona."

Siku ya Bonane nyumba ilijaa. Tonton alifika na kuku wawili na mfuko wa mchele, akapewa kiti kikubwa chini ya picha ya Mkuu wa nchi, picha ambayo kila sebule ilikuwa nayo. Niliwasha mashine. Magari yalikimbia. Watu walipiga makofi, majirani wakachungulia dirishani, na mama alinitazama kwa namna ambayo bado naikumbuka, kwa sababu kwa dakika chache nilikuwa nimekwenda Kinshasa.

"Rangi iko wapi?" tonton aliuliza.

Aliinuka, akaomba tochi, akaenda nyuma ya kasha na kulikagua kama anavyokagua magunia ya kahawa asiyoyaamini.

"Hii ni kadi yangu?"

"Ndiyo, tonton."

"Na waya iko kwa nani?"

Nilimweleza. Nilieleza polepole, kwa heshima zote, kwamba skrini hii haiwezi rangi, kwamba plagi inaingia lakini skrini itaungua, kwamba kadi yake ni nzuri na inangoja tu skrini inayofanana nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia papa, si mimi.

"Ndugu yangu, ulinialika nije kuona zawadi ya mutu mwingine?"

Papa aliniambia, "Badilisha waya."

"Papa, itaungua."

"Badilisha."

Niliweka mikono nyuma. Ndilo jambo pekee nililoweza kufanya bila kumjibu baba yangu mbele ya watu. Mama alisema, "Lakini iko natembea, sisi wote tunaiona," na sauti yake ilipita chumbani kana kwamba ni kelele ya sufuria.

Papa alizima mashine. Akachomoa plagi mwenyewe, akaichomeka kwenye kadi ya kaka yake. Iliingia vizuri. Akawasha.

Kwanza ulisikika mluzi mwembamba, halafu mstari mmoja mkali wa kijani ukakata kioo, halafu harufu. Skrini aliyoipata kwa jasho lake mwenyewe ilikufa mbele yake, na aliendelea kushikilia swichi kana kwamba inangoja kubembelezwa.

Tonton alirudi kwenye kiti. "Alors, hawa watoto wa shule za ufundi," alisema. "Wanafungua vitu, hawajui kufunga."

Watu walicheka, kwa sababu mgeni mkubwa alikuwa ametania. Papa angeweza kusema. Alikuwa ameyaona magari yakikimbia, sote tulikuwa tumeyaona. Alifuta mikono kwenye abakosti, akasema, "Yaya, usikasirike. Atakuja kwako Opala. Atakusaidia dukani."

Kwa hiyo sharti lilitimizwa na bado nikaenda Opala. Nilitolewa kama mtu anavyotoa mbuzi ili mkubwa atulie. Nimeandika mambo mengi tangu siku hiyo, na nimehoji watu waliofanya mabaya makubwa zaidi, lakini hakuna sentensi niliyoisikia ambayo imenikasirisha kama ile "usikasirike", isiyosemwa kwangu.

Kabla ya kuondoka nilimrudishia mzee kadi yake. Tonton naye alichukua ya kwake. Duka lake Opala halikuwa na umeme hata wa taa moja, lakini aliipigilia kadi ukutani kwa misumari miwili, juu ya sabuni, karibu na picha ya Mkuu. Misumari ilipita katikati ya njia za shaba. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kupangusa vumbi, na wateja waliuliza ile ni nini.

"Ni ordinateur," tonton aliwajibu kutoka kwenye kiti chake. "Ya rangi. Muulizeni huyu mutoto, yeye anaijua."

Wakanigeukia. Niliwauliza wanataka sabuni mche mzima au nusu.