Bi Asia na Bunduki za Rangi

Mkulima wa Nanyamba akisikia pampu yake ya kupulizia dawa ya salfa kwenye mikorosho inakohoa, huifunga nyuma ya baiskeli akaenda kwa Bi Asia. Kazi alifundishwa na kaka yake, na kaka alipohamia Masasi, spana zikabaki kwake. Sasa ana miaka hamsini na miwili. Si mtu wa maneno mengi. Huiwasha mashine, akainamisha kichwa kuisikiliza, kisha ndipo anapofungua.

Ndivyo Mwalimu Faraja alivyoelekezwa kwake. Kijana huyo alitoka Njombe kuja kufundisha Mtwara, baadaye akaacha chaki na kufungua uwanja wa michezo nje kidogo ya Mikindani. Alikuwa amenunua bunduki nane za rangi zilizokwisha tumika. Hizo hurusha gololi laini zilizojaa rangi kwa nguvu ya hewa ya mtungi. Wachezaji huvaa barakoa na kuviziana nyuma ya magunia ya mchanga, na aliyepakwa rangi ametoka. Kundi la walimu lingekuja Jumamosi. Alipofika kwa Bi Asia ilikuwa Alhamisi, na hapakuwa na bunduki hata moja nzima.

"Shikamoo, Bi Asia."

"Marahaba, Mwalimu. Zinaumwa nini?"

"Hii inavuja. Ile ukiifyatua mara moja inatoa tatu. Hii nyingine inapasulia gololi humo humo ndani."

Bi Asia hakuwahi kushika kitu kama hicho. Alifunga mtungi kwenye ile inayovuja, akaelekeza mtutu ardhini, akasikiliza. Sauti ya "sss" ilitokea mdomoni mwa mtutu. Akachomoa mtungi, akafyatua hewa iliyosalia, ndipo akafungua. Ndani alikuta springi, nyundo ndogo ya chuma, valvu, na mbele yake kipande cha mviringo ambacho Faraja alikiita bolti. Nyundo ikigonga valvu, hewa hutoka kwa ghafla. Bolti husukuma gololi mbele na hewa hiyo huirusha.

"Kumbe ni pampu tu," alisema.

Hapo ndipo alipojikwaa. Bunduki ilikuwa inapiga kwa unyonge, naye akadhani springi imechoka. Akakaza skrubu yake mizunguko mitatu. Baadaye, alipoitoa valvu na kuisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, aliona sili yake, mpira unaoziba hewa, imeliwa upande mmoja. Faraja alikuwa na kipakiti cha sili na oringi, zile pete za mpira, kilichokuja na bunduki hizo, ambacho nusura akitupe akidhani ni takataka. Ndani yake mlikuwa na sili sita. Bi Asia akabadilisha sili, akafuta mchanga kwenye bolti, akaipaka oringi tone moja la mafuta, akaifunga. Haikuvuja tena. Kuhusu skrubu aliyoikaza, hakukumbuka.

Walikwenda kuijaribu nyuma ya nyumba, mbele ya kipima kasi cha Faraja. Gololi ilitoboa ubao mwembamba wa sanduku la chai. Kipimo kikaonyesha mita mia moja na kumi na mbili kwa sekunde.

"Isizidi tisini," Faraja alisema kwa sauti ndogo. Kisha akaongeza, "Lakini walimu watavaa barakoa. Tukiwaambia wasisogeleane, si itafaa?"

"Haitafaa," alijibu Bi Asia. "Na kosa ni langu. Nilimkazia springi mgonjwa ambaye ugonjwa wake haukuwa springi."

Akailegeza skrubu kidogo kidogo, akipima kila robo mzunguko, hadi ikatua kwenye themanini na mbili. Ijumaa kutwa alikwenda hivyo hivyo: kwanza sili, halafu usafi, skrubu mwisho. Ile ya kutoa tatu nayo ilikuwa inavuja, ikapona ilipobadilishwa sili, maana kwa hewa pungufu nyundo ilikuwa hairudi nyuma vya kutosha kunaswa na kifyatulio. Ile ya kupasua gololi ilikuwa imelika kizuizi kidogo cha mpira, zikaingia mbili kwa pamoja na bolti ikazibana. Alikitoa kizuizi kizima kwenye mojawapo ya zile mbili zilizokosa sili.

Jioni bunduki sita zilipokuwa mezani, alivaa barakoa juu ya ushungi.

"Hatua ishirini, Mwalimu. Nipige pajani."

Faraja alicheka, kisha akaona hatanii. "Bi Asia, wewe ni mama yangu. Mkono huu utainukaje?"

"Themanini na mbili ni namba. Mimi sijui inaumaje, na kesho watu wa watu wanapigwa. Piga."

Akapiga. Rangi ya buluu ikatapakaa kwenye kanga. Bi Asia alisimama akilisugua paja, akivuta pumzi taratibu.

"Kama nyigu," alisema hatimaye. "Nyigu si mchezo, lakini anavumilika. Hii wape. Ile ya jana nisingempa mtu ampige hata mwizi."

Jumamosi aliletewa kiti karibu na kipima kasi, na kila bunduki iliyotoka uwanjani ilipitia kwake kabla ya kurudi. Saa sita mchana mojawapo ilianza kulia "sss" tena. Akachomoa mtungi, akaisukuma chini ya meza. Mwalimu mmoja wa hesabu alilalamika kwamba sasa wamebaki na tano na timu hazilingani.

"Mmoja wenu awe mwamuzi," alimjibu.

Akawa mwalimu huyo huyo wa hesabu, na watu walisema alikuwa mwamuzi mkali.

Walipoondoka, Faraja alimwomba awe anakuja kila mwisho wa mwezi. Bi Asia alikubali, akaongeza sharti moja: msimu wa salfa ukianza asimtegemee, maana mikorosho haisubiri mchezo.