Chupa Zilizofunguliwa Mapema

Nilisimama mbele ya rafu ya divai katika duka moja la mtaa wa Kasuku mpaka miguu ikaniuma. Samaki namjua kwa kumtazama jicho, nanasi kwa kulinusa, lakini chupa iliyozibwa haina jicho wala harufu, na karatasi yake imeandikwa kwa lugha nisizozijua. Nilitaka divai tatu za bei nafuu kwa sikukuu ya Bonane, mwaka mpya unapoingia, zisiwe zile tamu za pakiti ambazo kila nyumba hapa Kindu huzitoa kuanzia Noeli. Nilitaka kitu ambacho mtu akikionja atauliza kimetoka wapi.

Na mtu mwenyewe alikuwa mmoja tu, kaka yangu mkubwa. Alikuwa anakuja kutoka Pangi, na tangu wakati wa vita hakuwa amemeza kitu chochote nyumbani kwangu.

Mwaka ule wa vita treni ilikuwa haifiki, sukari ilikuwa adimu, na mimi kwa ukaidi wangu nikasema Bonane haitapita kavu. Nikakamua mananasi, nikayachachusha katika dumu la plastiki, bidoni niliyoiokota kwa jirani aliyekimbia. Niliisugua kwa mchanga na majivu hadi vidole vikachubuka. Tulikunywa sote, tukaimba hata. Kesho yake mke wa kaka akashikwa na tumbo, na siku ya tatu tukamzika. Sisi wengine hatukuumwa hata kichwa. Huenda kilikuwa kipindupindu, maana kilikuwapo mjini. Huenda ilikuwa ile bidoni. Sijui, na hakuna wa kunijulisha.

Kaka hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenitukana, ningejua pa kushika. Alikuja kwenye misiba na harusi, akanisalimu vizuri, akaniulizia watoto, na kila nilipoleta sahani alisema ametoka kula sasa hivi. Mtu gani hushiba zaidi ya miaka ishirini?

Mwenye duka, mama mmoja wa Kivu Kaskazini, alinihurumia. Alinichagulia nyekundu ya Afrika Kusini, nyeupe isiyo tamu sana, na ya tatu ya maracuja, yaani matunda ya pasheni, iliyotengenezwa Goma, ya bei ndogo kuliko zote. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonivutia zaidi. Kisha akanifundisha: "Mama, hii nyekundu inapendaka hewa. Uifungue saa moja yote, wageni bado kufika. Ukali unapunguka."

Nilifanya zaidi ya alivyosema. Kizibuo nilikuwa nimekiazima, na mwenyewe alikitaka upesi, basi nikazifungua zote tatu, nikazipanga juu ya kitambaa cheupe na kuzifunika kwa leso. Nilijiona mtu anayejua mambo.

Kaka alifika amejaa vumbi la pikipiki, majirani niliowaalika wakiwa wameshaketi. Akaketi, akaitazama meza, akazitazama zile leso. Hapo ndipo akili iliponirudia. Kwetu chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mgeni, na mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni apate kuona kwamba hakuna kilichotiwa. Hata mtoto analijua hilo. Katika nyumba nyingine lingekuwa kosa la kuchekwa tu. Mimi nilikuwa nimelifanya mbele ya mtu yule yule.

Nilijimiminia kutoka kila chupa, nikanywa zote tatu nimesimama, haraka kama mgonjwa anayemeza dawa. Ile ya maracuja ilikuwa nzuri kweli, chachu kidogo, na nilikasirika kwamba ni nzuri. Majirani walicheka, wakaninyooshea glasi zao. Kaka naye alipokea yake. Aliishikilia huku akisimulia ubovu wa barabara ya Pangi, akaishikilia wengine walipokula, akaishikilia mpaka nikashindwa kuvumilia. Nikainama karibu naye.

"Kaka, umeniona nikikunywa."

"Nimekuona, dada." Aliiweka glasi chini polepole, isimwagike. "Hata siku ile ulikunywaka wa kwanza."

Alisema hivyo kwa upole, bila uchungu wowote ambao ningeweza kuujibu. Ningeweza kunywa divai yote ya Kasuku na isingesaidia kitu. Naye, kama aliyenionea huruma, akaongeza: "Nipatie tu mayi. Ya chupa."

Nikamletea maji ya dukani, ambayo hayajafunguliwa. Aliisogeza chupa sikioni, akazungusha kifuniko taratibu mpaka plastiki ikakatika kwa mlio. Ndipo akanywa, yote, mpaka tone la mwisho. Nami, mwenye nyumba, nikajikuta ninamwambia asante.