Ng'ombe wa Kuombea Mkopo

Mume wangu alitaka mkopo ajenge vyumba vya kupangisha pale Sotik. Tajiri mmoja wa duka akasema kwanza aone ng'ombe wetu, ndio dhamana. Akaja na viatu vyeupe, sijui nani alimdanganya kuhusu matope yetu. Boma lilikuwa limejaa ng'ombe, akafurahi.

“Hawa wote ni wako, mzee?”

“Aa, hawa ni wa marafiki, nawafugia tu. Wangu wako kwao, Kapkatet mpaka Chepilat.”

Nilibaki mdomo wazi. Si angenyamaza! Kwetu marafiki hufugiana ng'ombe, ugonjwa ukija usimalize wote wa mtu mmoja. Mgeni angejuaje?

“Nikukopeshe kwa ng'ombe nisiowaona?” Tajiri akaondoka.

Ploti yetu ya Sotik ikabaki nyasi tu. Nilipomlaumu, mume wangu akanishangaa mimi: “Ulitaka niseme ni wangu?”